Sefu Mkwezi Hakuwa Mlevi

Wajukuu zangu mnaopita nyumba kwa nyumba na fulana zenu za bluu na simu za kuandikia majibu, mniwie radhi, leo sianzi na salamu. Nina hasira. Salamu mtazipata nikishapoa.

Juzi nimekaa barazani hapa Chumbageni nachambua mchicha, akapita mwenzenu mmoja, Neema. Mtoto mzuri, ana adabu, shikamoo yake haikosi. Akaingia kwa jirani yangu Rajabu, ambaye macho yake yamepiga manjano tangu Ramadhani. Mlango wazi, wapangaji wote wako uani, huyu anafua, yule anakaanga samaki. Neema akafungua simu yake akauliza kwa sauti ya mwalimu: "Baba, pombe unakunywa kiasi gani?" Hakuuliza kama anakunywa au hanywi. Kiasi gani! Aliyekuwa anafua akaacha kufua. Rajabu akainama akatazama miguu yake.

Nilimwita Neema ndani kwangu, nikafunga mlango, nikampa chai, nikamsema. Akalia kidogo. "Bibi, swali limeandikwa hivyo kwenye simu." Nikamwambia simu haina haya, wewe unayo. Kisha nikamhadithia habari za Sefu mkwezi, naye akaniomba niwaandikie na wenziwe. Basi ndiyo haya. Elimu yangu ni chuo cha Kurani na kisomo cha watu wazima, msitafute mpangilio. Ila majina ya watu sisahau.

Mie ni Mwanahawa binti Shekue. Kwetu ni ng'ambo ya mto Pangani, ukishashuka kwenye kivuko unafuata njia ya minazi. Nilikuwa mfagiaji wa zahanati ya kijiji. Akaja Daktari Shemhilu, mtafiti, mtu mrefu, mpole, Msambaa wa milimani, anayechunguza ugonjwa wa ini. Alitaka kujua kwa nini watu wetu wa pwani wanavimba tumbo, wanakuwa manjano, wanakufa wakiwa bado na nguvu za kulima. Alihitaji damu za watu, wagonjwa na wazima, apate kulinganisha. Na alihitaji mtu wa kumtangulia mlangoni. Akanitoa kwenye ufagio. Kazi hiyo ya kubisha hodi nimeifanya mpaka magoti yakakataa.

Nyinyi mna kitambulisho shingoni. Sisi tuliitwa "wale wa damu". Mnacheka, lakini hamjui uzito wa jina hilo pwani. Mwanzoni Daktari alikuja na gari jeupe lenye vioo vyeusi, akaliegesha chini ya minazi, akashusha sanduku la barafu. Mtu mwenye akili zake anaona gari la vioo vyeusi, sindano na sanduku lisilofunguliwa mbele za watu, atasema nini? Mumiani! Wanyonya damu wamekuja! Bi Kijakazi binti Ali, Mungu amrehemu, alitufukuza na mwiko wa ugali ukiwa bado na ugali wake. Daktari alipigwa begani, joho lake jeupe likapata mabaka. Akaniuliza garini, "Bibi, tumekosea wapi?" Nikamwambia, "Kila mahali."

Siku ya pili nikamwambia gari aliache kivukoni aje kwa miguu. Nikatandika mkeka mbele ya nyumba ya Bi Kijakazi mwenyewe, nikakunja mkono, nikatolewa damu mchana kweupe. Wanawake wakasogea. Sanduku nikalifungua waone barafu na vichupa, hakuna kingine. Bi Kijakazi akainama akakitazama kichupa changu, akasema, "Kumbe ni nyekundu kama zetu. Nilidhani yako ni chai tupu." Wakacheka. Akaketi yeye, akatoa mkono. Kijiji kikafunguka.

Basi shikeni haya, maana simu haitawafundisha. Hodi ya kwanza usiingie hata ukikaribishwa. Ngoja wavae, wafagie, wafiche cha kufichwa. Kwenye nyumba yenye mkwe na mkaza mwana, anza kumsalimu mama mkwe, la sivyo yule binti atakukatalia kila kitu kwa woga. Usiombe damu sufuria ikiwa jikoni. Usiulize la aibu mlango ukiwa wazi. Na ukishachukua damu ya mtu, majibu umrudishie mwenyewe, mkononi mwake, hata kama ni mabaya. Daktari Shemhilu hilo alilishika. Nilimcheka kwa mengi, maana kwenye kivuko alikuwa anakumbatia nguzo na kufumba macho, abiria wanamwambia, "Daktari, fumbua, mto huu hauli waliosoma." Lakini majibu aliyarudisha.

Sasa Sefu.

Sefu Mwinyikombo alikuwa mkwezi. Alikwea minazi ya kijiji kizima, na juu kule alikuwa akiimba kasida, unajua yuko shamba la nani kwa kusikia sauti inatoka wapi. Na alikuwa mwadhini wa msikiti wetu. Mnazi uliofungwa kibuyu cha kugemea tembo alikuwa haugusi. Utamwambia, "Sefu, niangushie dafu moja tu pale," atakujibu, "Mnazi ule una mwenyewe, na mwenyewe ni shetani." Mkewe Mwanaidi ni mwenzangu wa chuoni. Binti yao Zuhura nimempokea kwa mikono hii alipozaliwa.

Sefu akaanza kuchoka. Akawa anapumzika katikati ya mnazi. Halafu macho manjano, miguu ikakonda, tumbo likajaa maji likawa kama kikapu kilichofunikwa kanzu. Na kijiji kikajua. Kijiji chetu hujua upesi sana, hasa yale kisiyoyajua. "Ini hilo. Ini ni pombe. Si alikuwa anakwea minazi? Mtu apande juu ashuke mdomo mkavu?" Aliyelivumisha sana ni Athumani Mbaruku, mwuza duka, mwenye kofia ya vito na tasbihi ndefu. Nimesimama dukani kwake mie mwenyewe nikamsikia: "Kumbe zile kasida kule juu zilikuwa za kulainisha koo!" Na watu wazima, wenye ndevu, wakacheka.

Daktari alimpima Sefu. Akamweka chumbani, akamweleza polepole: una kirusi cha homa ya ini kwenye damu, kimekaa humo miaka, kimekula ini kimyakimya. Hujui ulikipata lini. Mkeo na watoto wapimwe pia. Sefu alitoka pale kama mtu aliyetuliwa mzigo. Akaenda msikitini akawaambia, "Jamani, nimeambiwa, ni vijidudu vya damu." Athumani akasema, "Vijidudu vya chupani hivyo." Kamati ikamwambia Sefu apumzike kuadhini, kwa heshima ya msikiti. Nafasi yake akapewa nani? Athumani.

Nilikuwa nakwenda kumtazama Sefu alfajiri, amelala kwenye kitanda cha kamba, adhana inatoka, naye anatikisa kichwa. "Mwanahawa, unamsikia? Anavuta herufi pasipovutwa." Hakuwahi kusema neno baya zaidi ya hilo. Watu waliacha kuja kumzuru. Wengine walikataa hata kikombe cha maji cha nyumba ile, kana kwamba ugonjwa unakaa kwenye kikombe, na haukai kwenye kikombe. Alipokufa mazishi yalikuwa na watu wachache, nao walitembea haraka.

Niseme na haki yake, msije mkanisikia vibaya. Pombe inaharibu ini. Nimewaona niliowaona, na wao pia ni watu, wanastahili dawa na stara kama yeyote. Ninachokataa ni kumvika mtu dhambi asiyoifanya kwa sababu tu tumbo lake limevimba.

Mwanaidi alipimwa, akaambiwa mwili wake ulishapambana nacho zamani, hana kitu. Zuhura akakataa. Kaolewa nyumba ya tatu kutoka kwao, na ndiyo kwanza ana mimba ya kwanza, imeanza kuonekana. Daktari alikuwa na wasiwasi naye kuliko mtu yeyote kijijini. Aliniambia wazi: mama mwenye kirusi humwambukiza mtoto wakati wa kuzaa, na mtoto mchanga akikipata hukaa nacho maisha yake, mpaka siku moja awe kama babu yake. Lakini mama akijulikana mapema, mtoto akachanjwa mara tu anapotoka, mara nyingi hunusurika. Kwa hiyo ilikuwa mbio, wajukuu zangu. Tumbo la Zuhura linakua, na Zuhura anasema hapana.

Nilibisha mlango wake mpaka mama mkwe akanichoka. Zuhura akanijibu amesimama, mikono kiunoni: "Bibi, nikionekana kwenye foleni ile ya kupimwa watasema, 'Huyo, mtoto wa mlevi, naye kumbe.' Mume wangu ataambiwa nini dukani? Niache. Baba walimzika na tope, mimi sitaki kulioga."

Nikamwambia, "Na huyo aliye tumboni?"

"Huyo Mungu anamwona."

"Mungu anamwona, ndiyo maana kamleta daktari!"

Akafunga mlango. Na mie niliyejisifu kufungua milango ya kijiji kizima nikarudi kwangu nikapika uji ukaungua.

Kipindi hichohicho Daktari akaja, amefurahi, hata kwenye kivuko alisahau kufumba macho. Kazi yake imechapishwa. Akaniwekea mapajani karatasi zimebanwa pembeni, Kiingereza kitupu, na michoro kama ngazi. "Bibi Mwanahawa, hii ni kazi yetu. Inasomwa duniani kote."

"Inasemaje?"

Akanieleza. Inasema ugonjwa wa ini huku pwani, kwa wengi aliowachunguza, haukuletwa na pombe. Uliletwa na kirusi, kinachopita kwenye damu na wakati wa kuzaliwa. Wengi wa wagonjwa hawakuwahi kunywa maishani.

Nikauliza, "Imeandika kwamba Sefu hakunywa?"

"Majina hatuandiki, bibi. Siri ya mgonjwa."

"Ugonjwa wake siri, sawa. Kutokunywa kwake nako siri?"

Akasema, "Imesomwa mpaka Ulaya."

Hapo ndipo nilipopandisha. "Ulaya ndio waliomzulia Sefu? Waliomzulia wako pale msikitini, na mmoja anauza sukari! Wewe damu umeichukua hapa, umeitoa kwa watu hawa, habari ukaipeleka kwa watu wasiojua hata mnazi ni mti gani. Sisi tumebaki na kicheko. Na Zuhura anajificha ndani kwa sababu ya kicheko hicho. Mtoto akizaliwa na kirusi, utaandika karatasi nyingine?"

Msinione shujaa. Nilikuwa napiga kelele tu, sikuwa na shauri. Shauri alilitoa yeye. Akakunja karatasi, akasema, "Nitakuja kusema hapa, kwa Kiswahili, mbele ya wote. Lakini jina la Sefu sitalitaja mpaka wenyewe waruhusu. Nikilitaja bila ruhusa nitakuwa kama Athumani, tofauti yetu ni joho tu." Maneno haya yalinigusa mie, maana nilikuwa tayari kwenda kulipigia mbiu mwenyewe.

Tukaenda kwa Mwanaidi. Alikuwa anasuka ukili. Alisikiliza yote, hakuinua macho. Kisha akasema, "Mume wangu alipokuwa hai alisema mwenyewe kwa mdomo wake, wakamcheka. Sasa mnaniomba mimi ruhusa ya ukweli?" Daktari akasema ndiyo, mama, naomba. Mwanaidi akakata ukili kwa meno. "Mtaje. Mtaje jina lake na la baba yake. Na Athumani awepo."

Ijumaa ikafika. Baada ya sala wanaume wakakaa barazani msikitini, wanawake tukakaa upande wa pili wa ua wa makuti, tunasikia kila kitu na kuona kiasi. Zuhura alikuja. Alikaa nyuma kabisa, kajifunika khanga mpaka puani, kama hayupo.

Daktari hakuleta karatasi. Alisimama akasema Sefu Mwinyikombo aliugua kirusi cha homa ya ini, familia yake imemruhusu kusema, na pombe haikuwa ndani yake. Manung'uniko yakapita. Athumani akainuka. "Daktari, kwa heshima zote. Wewe kwenu milimani. Umejuaje siri za mtu wa huku? Ulikwea naye?"

Watu wakacheka kidogo, mazoea.

Daktari naye akacheka. "Sikukwea, mzee, naogopa hata kivuko. Ila niwaulize nyinyi. Nani hapa amepigwa chuku?"

Wajukuu zangu wa mjini, chuku ni kuumikwa: mtu anakukata vijichale mgongoni au kisogoni, anaweka pembe ya ng'ombe, anavuta damu chafu, kichwa kinakuwa chepesi. Ni tiba ya heshima kwetu. Mpiga chuku wetu alikuwa Mwinyi Haji, mzee mtaratibu, amekaa palepale barazani mstari wa mbele. Hakukuwa na mwanamume asiyepita mikononi mwake. Walikuwa wanakwenda Alhamisi, kwa zamu, kama kinyozi, na mizaha juu.

Mikono ikainuka yote. Athumani akainua wa kwanza, kwa kujivuna.

"Kwa wembe upi?"

Mwinyi Haji akajibu mwenyewe, bila shaka yoyote: "Kwa wembe wangu. Mmoja, mzuri, nauosha kwa maji ya kisima kila nikimaliza mtu, na nasoma bismillahi."

Daktari akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono. Akasema kwa upole, "Mzee wangu, hukujua, na mimi sikuja kukulaumu. Kirusi hiki hakitoki kwa maji ya kisima. Damu kidogo isiyoonekana ikibaki kwenye wembe, inamfuata anayekaa baada yake. Siwezi kusema Sefu alikipata hapo. Wengine huzaliwa nacho. Ninachosema ni kwamba wembe mmoja ukipita migongo yote, mgongo mmoja ukiwa nacho, wote mko hatarini."

Na mie kwenye tundu la makuti nikaona jambo nitakalokwenda nalo kaburini. Athumani alipeleka mkono kisogoni, chini ya ile kofia ya vito, akaanza kupapasa. Kisha wa pembeni yake. Kisha baraza zima, wanaume wenye ndevu, kila mmoja anatafuta vichale vyake kwa vidole.

Mtu akasema kutoka nyuma, "Athumani, si wewe na Sefu mlikuwa mnakwenda pamoja?"

Athumani akajibu kwa sauti ndogo sana, "Yeye akitangulia."

Upande wetu wanawake wakaangua kilio cha hasira, si cha huzuni. Mke mdogo wa Athumani alisema kwa nguvu wasikie wale wa ng'ambo ya makuti: "Na sisi tunaolala nanyi je?" Mwanaidi hakulia. Alikuwa amekaa wima, kama mtu aliyeondolewa jiwe kichwani akawa bado hajazoea.

Jioni ile Athumani alikwenda kwa Mwanaidi kuomba radhi. Nilikuwepo. Alikuja hana kofia, akakaa chini kabisa, akaanza kutoa machozi na maneno marefu ya Kiarabu. Mwanaidi akamkata. "Athumani, machozi yako sina pa kuyaweka. Bintiyo Fatuma ana mimba sawa na Zuhura wangu, na umemfungia ndani ukisema hospitali ni ya walevi. Mtoe. Kesho aende na Zuhura, waonekane pamoja, mchana. Hiyo ndiyo radhi yangu. Hutaki, ondoka."

Zuhura alikuwa mlangoni. Mama yake hakumuuliza kama atakubali, na yeye hakusema kama anakubali. Alikwenda kwake, akarudi na pasi na gauni lake la Idi, akaanza kulipiga pasi.

Walivuka kwa kivuko asubuhi, Zuhura na Fatuma, mbele yao Mwanaidi na nyuma yao mie. Athumani alitusindikiza mpaka ukingoni, watu wa duka lake wote wakiona. Hospitalini benchi lilikuwa limejaa, na kulikuwa na watu wa kwetu. Zuhura alitembea katikati kwa gauni lile la Idi, akaingia, akatoka amekunja kiwiko na pamba. Fatuma alikuwa amejibana ukutani. Zuhura akamwambia, "Ingia. Ukizimia nitakucheka nyumbani, hapa sitakucheka."

Siku hizi kule kwetu kila mtu anakwenda kuumikwa na wembe wake mpya, ameufunga kwenye karatasi, na Mwinyi Haji mpaka anafariki alikuwa anamrudisha asiye nao. Daktari aliwasimamia wale mabinti mpaka wakajifungua, na watoto wote wawili walichanjwa siku ileile, bado hawajaoshwa vizuri. Wako hai, wameanza shule, wana kelele za kutosha minazi yote.

Nilipomsimulia Neema nikafika hapa, akaniuliza kwa pupa, "Bibi, kwani majibu yalitoka vipi? Nani alikuwa nacho, Zuhura au Fatuma?"

Nikamwambia anywe chai yake. Ya Sefu nimeambiwa niseme, nimesema. Ya wale wawili hakuna aliyeniambia niseme.